Kibao, Vidole na Mkono Wangu wa Kuume



Wengi mmeniuliza juu ya ule mchezo wa maduara ninaoucheza kwa kalamu, na wengine mmesema wazi kwamba ni upotevu wa wakati. Sitagombana na mtu. Nataka tu kueleza namna nilivyopanga kibao na vidole vyangu, kwani mimi sikuuanza mchezo huu kwa kutafuta sifa. Niliuanza juu ya mkono.

Mwaka 2023 nilianguka kwenye moto, barabara ya Kavimvira, kifundo cha mkono wa kuume kikavunjika. Wiki sita ndani ya plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na ulipona umepinda kidogo kwa ndani. Waliponitibu waliniambia hivi: usiulaze, utumikishe kila siku kidogo-kidogo, la sivyo utabaki mkavu. Nikishika biki, mistari miwili tu, maumivu. Na mbele yangu kulikuwa Exetat, pamoja na insha yake ya Kifaransa. Mtu asiyeweza kuandika kurasa mbili ataifanya namna gani?

Yaya wangu anachora. Anachora majina ya maduka, picha za tisheti, mialiko ya ndoa. Yuko na kibao cha kuchoria: si ile tableti ya kutazamia filamu, hapana, ni kibao cheusi kisicho na kioo, unapita juu yake na kalamu yake, na mshale unatembea kwenye mashini. Ni Wacom ndogo, eneo lake la kazi ni milimita 152 kwa 95. Akaniambia nichore mistari kila jioni. Nilichora siku tatu, usingizi ukanishika. Ndani ya mashini ile ile kulikuwa mchezo unaoitwa osu!, nikaufungua.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 2007 na Mwaustralia mmoja, Dean Herbert, na ni wa bure. Alichukua wazo kwenye mchezo wa Kijapani wa Nintendo DS wa mwaka 2005, ambao nao ulichezwa kwa kikalamu kwenye kioo. Kwa hiyo kalamu si ujanja wa juzi, iko pale tangu mwanzo. Wimbo unapigwa, maduara yanatokea, kila duara linazungukwa na pete inayojikaza. Pete ikifika kwenye duara, unapaswa kuwa umefika na kalamu na ugonge papo hapo. Mkono mmoja unatafuta mahali, mkono wa pili unagonga klavye. Njo hiyo tu. Lakini jaribu uone!

Sasa mipango. Kuna programu ya bure, OpenTabletDriver, inayokuruhusu kusema ni sehemu gani ya kibao itakayolingana na kioo chote. Kioo chetu ni cha 16 kwa 9, kibao si hivyo. Ukiacha kibao chote kitumike, duara unalolichora kwa mkono linatokea kama yai. Basi jambo la kwanza ni kulinganisha: 152 kwa 85 na nusu, au chochote kinachofuata hesabu hiyo.

Jambo la pili lilitupa mabishano mengi pale nyumbani. Rafiki zetu wanaotazama video za mabingwa wanasema: chukua eneo dogo, 64 kwa 36, mkono hautembei sana, utakuwa mwepesi. Nilijaribu. Hesabu yenyewe inaeleza kilichonipata. Kioo cha yaya kina nukta 1366 kwa upana. Kwa milimita 64, kila milimita ya kalamu inarusha mshale nukta 21. Mkono unaotetemeka nusu milimita unarusha mshale nukta kumi, na wangu ulitetemeka kuliko hapo. Kwa kibao chote, milimita moja ni nukta 9 tu, mshale unatulia, lakini sasa inabidi kifundo kifike mbali, na kifundo changu hakifiki mbali. Kikilazimishwa, usiku silali.

Nikaacha kuuliza watu, nikauliza mkono. Niliweka kiwiko mezani, nikapindisha kifundo kushoto hadi pale maumivu yanapoanza, nikatia alama ya kalamu ya risasi kwenye karatasi, halafu kuume vile vile. Kati ya alama na alama: milimita 112. Gawanya kwa 16, zidisha kwa 9, unapata 63. Hilo ndilo eneo langu, na kila mwezi nilipima tena. Bingwa wa Ulaya angelicheka, lakini bingwa hakuvunjika pamoja nami.

Halafu kuna mzunguko, kitu ambacho wengi hawakigusi. Funga macho, chora mstari unaoamini ni wa kulala sawasawa, fungua macho. Wangu ulipanda. Nilichukua kipima-pembe cha jeometria: digrii 15. Maana yake, kila mara duara lilipokuwa moja kwa moja upande wa kuume, mkono wangu ulipita juu yake, nami nikafikiri macho yangu ni mabovu. Programu ile inakubali kuzungusha eneo kwa digrii unazotaka. Nikaandika 15, na siku ile ile nikaanza kufika. Nakuambia, nilisimama nikaita watu wa nyumba yote waje waone.

Iko na kitu kingine, na hapa yaya alikuwa mkali. Ncha ya kalamu ni ya plastiki, inalika ukiiburuta juu ya kibao. Hapa Uvira sijaona duka linalouza ncha hizo. Akasema: «Mdogo wangu, hii ncha njo mkate wangu. Ukiimaliza, nitachora na nini?» Jibu lilikuwa kucheza bila kugusa. Kibao kinaisikia kalamu hata ikiwa hewani milimita chache, na kwa kuwa kugonga ni kazi ya klavye, kalamu haina haja ya kushuka. Ni ngumu mwanzoni, juu mkono hauna pa kuegemea. Nililaza kidole kidogo tu mezani kama mguu wa kuku, kalamu ikabaki inaelea. Kumbe ile kuelea ndiyo iliyonijengea nguvu kuliko mistari yote ya kwanza.

Nije kwenye vidole vya kushoto. Mchezo unapendekeza herufi Z na X. Kwenye klavye za Kiingereza hizo ni jirani, lakini klavye zetu za Kifaransa zimeipeleka Z ghorofa ya juu, vidole vinabaki vimepanda ngazi. Nilichagua X na C. Kuna namna mbili kubwa za kugonga. Ya kwanza: kidole kimoja kinafanya karibu kazi yote, cha pili kinasaidia tu mapigo yakikaribiana. Ya pili: vidole vinapokezana kila pigo, shahada, kati, shahada, kati. Wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, ukigawanya kila pigo mara nne, unaomba migongo 12 kwa sekunde moja. Kidole kimoja hakiwezi. Viwili vikipokezana, kila kimoja kinabeba sita, na hiyo inawezekana kwa mwenye mazoezi.

Lakini mimi nashauri kidole kimoja kwanza, kwenye nyimbo za polepole, kwani kidole kimoja kinakufundisha kusikia. Anayeanza kwa kupokezana anapata mbio kabla ya sikio, na mchezo unamwadhibu: katika wimbo wa ugumu wa 8, alama kamili ya 300 inatolewa ukigonga ndani ya karibu elfu 32 za sekunde kabla au baada ya pigo. Usinyanyue vidole juu, viache vilale kwenye vitufe, bonyeza kidogo tu. Mkono wa mbele ukianza kukaza kama kamba ya mtumbwi, acha. Si kesho, sasa hivi.

Sauti nayo. Bafle la Bluetooth linachelewesha sauti. Utagonga vizuri na mchezo utasema umechelewa. Tumia vya masikioni vyenye uzi. Umeme ukikatika na mashini ikabaki kwenye betri, yenyewe inapunguza nguvu na picha zinakwama. Wakati huo ni heri kufunga na kusoma.

Sasa niwaambie kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mchezo una chumba cha kutengenezea, unaweza kuweka wimbo wako mwenyewe. Binamu zangu wa Bujumbura wanapiga ngoma zile za Burundi ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Walinitumia sauti kwenye simu. Nikataka kuiweka. Programu inauliza: mapigo mangapi kwa dakika? Haliko jibu! Wapiga ngoma wanaitazama inkiranya, ngoma ya katikati, na anayeipiga akiamua kuharakisha, wote wanakwenda naye. Nyimbo nyingi za mchezo zinafuata saa. Hawa wanafuata mtu. Ilibidi nitie alama mpya ya mwendo karibu kila mahali, Jumamosi tatu nzima, yaya akiniazima mashini saa anapokula.

Eneo langu sasa ni 128 kwa 72, mzunguko umeshuka kutoka digrii 15 hadi 9. Kwenye daftari naandika ukurasa mmoja na nusu kabla ya kuweka biki chini. Ngoma ya binamu zangu naiweza kwa kidole kimoja mpaka dakika ya pili, pale inkiranya anapowaita na wote wanamkimbilia. Hapo mkono bado unaachwa nyuma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano