Juu ya Farasi Chini ya Thaba Bosiu

Mtu atakaye kupumzika siku mbili tatu mbali na kelele za mji, na aende Lesotho, kijiji cha Thaba Bosiu, yapata kilomita 24 kutoka Maseru. Huko hupanda farasi wa Kisotho, mfupi lakini hodari, ajuaye mwenyewe pa kukanyaga penye mawe. Mgeni huonywa asivute hatamu mtelemkoni, bali amwachie farasi njia.

Mbele yake husimama mlima wenye kilele tambarare. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza alihamia hapo na watu wake mwaka 1824, wakafika usiku. Ndiyo maana huitwa Mlima wa Usiku. Chini ya utawala wake Wasotho wakawa wapanda farasi mashuhuri. Mwaka 1865 Makaburu walijaribu kuuteka mlima wakashindwa, na kamanda wao Louw Wepener akauawa. Lakini mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Caledon yalichukuliwa, wala hayakurudi.

Mgeni hupanda kileleni kwa miguu hadi kaburi la mfalme, aliyefariki mwaka 1870. Ashukapo humkuta farasi wake akingoja, akila majani katika nchi iliyosalia.