Saa Nyepesi ya Mkimbiaji Katika Nyumba ya Askari

Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua, afisa wa Polisi ya Uganda, alishinda mbio za meta 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na medali yake ya dhahabu ilikuwa ya kwanza kwa nchi yake katika Olimpiki. Wakati huo hapakuwa na saa iwezayo kupima mwendo wa mkimbiaji kwa setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya mtambo wa GPS ilirushwa mwaka 1978, na saa ya mkononi ya wakimbiaji yenye kupokea ishara zake haikuzoeleka madukani mpaka baada ya mwaka 2000. Jambo hilo lafaa kutajwa mapema, kwa kuwa wauza saa husema kana kwamba mbio zilianza siku walipofungua duka.

Hata hivyo saa hiyo imekwisha ingia kambini. Tangu Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza aliposhinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei wa Polisi alipokimbia meta 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia mwaka 2020, vijana wengi wenye sare wamejiona kuwa na njia ya kupitia. Kijana akifanya mazoezi kwa bidii miezi sita, swali la saa haliko mbali. Na kwa kuwa fedha ya kuinunua hutoka katika mshahara uleule unaolipa karo na unga, swali hilo si la mkimbiaji peke yake.

Sajini mmoja wa polisi, mkaazi wa kambi iliyo chini ya Mlima Elgon, alilifikisha swali hilo nyumbani baada ya chakula cha jioni. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba watoto, hiyo saa itajua nini ambacho miguu yako haijui?"

"Itajua umbali, mama. Na mapigo ya moyo."

"Na kila mwezi itadai fedha nyingine?"

Swali hilo la pili lilikuwa zito kuliko yote aliyoulizwa na muuzaji. Viko vyombo vya mkononi ambavyo havitoi hesabu zao kamili mpaka mwenye chombo alipe ada kila mwezi au kila mwaka, na asipolipa hubaki na kipande cha plastiki. Mama huyo alikubali kwa sharti kwamba saa ilipiwe mara moja tu, na kwamba idumu nyumbani miaka isiyopungua mitano. Mnunuzi angeweza kukosa ushauri mwingine wote, akashika sharti hilo, na bado asipotee sana.

Sajini alianza na uzito, na hakukosea. Saa aina ya Forerunner 201, mojawapo ya za kwanza za jamii hiyo, iliyotoka mwaka 2003, ilizidi gramu 70 na kukaa mkononi kama kiberiti kikubwa. Leo ziko zenye gramu 30 hadi 40 pamoja na mkanda wake: Forerunner 55 ina gramu 37, na COROS Pace 3, ikivaliwa kwa mkanda wa kitambaa cha nailoni, ina gramu 30. Mtu atasema gramu 40 za tofauti ni nini kwa askari aliyezoea kubeba bunduki. Lakini mkimbiaji apigaye hatua 180 kwa dakika huurusha kila mkono mbele na nyuma mara 90 katika dakika hiyo, yaani mara 5,400 kwa saa moja. Tena uzito huo una madhara mengine yasiyoonekana dukani. Nyuma ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi ili kusoma damu inavyopita. Saa nzito hurukaruka, mwanga wa nje ukaingia chini yake, na mara nyingi kinachohesabiwa hapo ni hatua za miguu badala ya mapigo ya moyo. Mkimbiaji anakwenda taratibu, akiweza hata kuzungumza, na saa yamwambia moyo wapiga mara 178! Dawa yake ni saa nyepesi, iliyofungwa kwa kukaza kiasi, upana wa kidole kimoja au viwili juu ya mfupa wa kiwiko cha mkono. Anayetaka uhakika zaidi avae mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe.

Baada ya uzito yafaa kutazama kama saa ina GPS yake yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapopunjwa. Madukani na barabarani mwa Kampala hupatikana saa za bei ndogo zenye picha ya mkimbiaji juu ya boksi na neno GPS kwa herufi kubwa. Nyingi ya hizo hazina mtambo wa kupokea ishara za setilaiti, bali huazima ule wa simu iliyo mfukoni. Njia ya kuzijua ni rahisi. Mnunuzi aiache simu kwa muuzaji, au aizime kabisa, atoke nje mahali peupe, aanzishe zoezi la kukimbia na kutembea meta 200 hivi. Isipohesabu umbali, au ikiuhesabu kwa kubahatisha hatua tu, hiyo si saa ya GPS. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha jibu.

Viko vitu viwili vingine visivyohitaji maneno mengi. Vibonyezo ni bora kuliko kioo cha kugusa, kwa sababu mvua na jasho hukichanganya kioo. Na saa iliyotumika isinunuliwe kabla mwenyewe wa kwanza hajaifungua kutoka katika jina lake, wala bila kuiacha ikifanya kazi kwa saa nzima ili kuona betri inashuka kiasi gani. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika, betri ni jambo kubwa kuliko rangi za kioo. Saa inayodumu saa 20 au zaidi ikiwa inapokea setilaiti humtosha askari anayekimbia saa moja kwa siku kwa zaidi ya juma moja, na waya wa jua uliowekwa kwa ajili ya taa na simu waweza kuijaza.

Hapana budi kuueleza mtambo wenyewe kidogo, kwani asiyeujua huuogopa bure au huutumaini kupita kiasi. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huzunguka dunia kwa kimo cha zaidi ya kilomita 20,000. Saa nyingi za sasa husikiliza pia zile za Urusi, Ulaya na China. Kila setilaiti hutangaza wakati na mahali ilipo. Saa ya mkononi hupokea matangazo ya setilaiti nne au zaidi, hupima yamechelewa kiasi gani kufika, na kutokana na kuchelewa huko hukadiria pale mwenyewe aliposimama. Mawimbi hayo husafiri sentimeta 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kosa dogo sana la wakati ni meta kadhaa za ardhi. Saa inapofanya kazi hiyo haitangazi chochote kwenda mbinguni. Husikiliza tu, kama redio iliyo sebuleni, na hailipiwi muda wa hewani.

Kutokana na hayo yaeleweka kwa nini husema uongo mahali fulani. Chini ya miti mikubwa, kando ya majabali kama yale ya Sipi, au katikati ya majumba marefu, mawimbi hugonga na kurudi, yakafika yamechelewa, na mkimbiaji huonekana kwenye ramani akipita ndani ya ukuta. Katika uwanja wa riadha, ambako kona ni nyingi, saa huweza kukosea meta kadhaa katika kila mzunguko. Huko rangi ya njia ndiyo kipimo: mzunguko wa njia ya kwanza ni meta 400, na saa itumike kuhesabu wakati tu. Tena asitoke mtu mbio mara tu anapobonyeza. Asimame mahali peupe mpaka saa imwarifu kwamba imezipata setilaiti. Na ile namba ya mwendo wa papo kwa papo, inayopanda na kushuka kama bei ya nyanya, haifai kufuatwa. Wastani wa kilomita nzima ndio wa kutazama.

Sajini huyo aliponunua saa yake alikuwa amehamishwa karibuni kutoka Kampala, iliyo kimo cha meta 1,200 hivi. Kapchorwa ina njia za mazoezi zinazopita meta 2,000. Kule bondeni kilomita yake ya mazoezi mepesi ilikuwa dakika 5. Akataka dakika 5 zilezile mlimani, kwa kuwa saa ilikuwa mkononi ikimtazama, na kwa majuma matatu alirudi nyumbani amechoka, hana hamu ya chakula, akiwakaripia watoto. Mkewe ndiye aliyesema, "Tangu uvae kitu hicho hakuna siku unayokimbia polepole." Ilikuwa kweli. Hewa ya mlimani huupa mwili oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na mwendo uliokuwa mwepesi bondeni huwa kazi ngumu juu. Saa haikukosea namba hata moja. Aliyekosea ni yule aliyeichagua namba ya mwendo mahali palipohitaji namba ya moyo. Alipouficha mwendo katika kioo, akabakiza mapigo na muda tu, na kujilazimisha kwenda kwa kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima, hamu ya chakula ilirudi.

Zile hesabu nyingine zinazotolewa na saa, za usingizi, za kupona na za umri wa mwili, zichukuliwe kama maneno ya jirani mwenye nia njema. Saa haijui kwamba mwenyewe alikuwa lindoni. Askari akishuka zamu saa kumi na mbili asubuhi, itamhukumu kwamba hakulala na kumshauri apumzike. Siku nyingine, akiwa na malaria inayoanza, itampongeza kwamba yu tayari kwa mazoezi makali. Hata kiwango cha juu cha mapigo ambacho saa hukikadiria kwa kutoa umri katika 220 chaweza kupishana na moyo wa mtu kwa mapigo 10 au zaidi.

Liko jambo moja ambalo kwa askari hulipita hata jambo la bei. Ilisemwa hapo juu kwamba saa husikiliza tu. Hatari huanza baadaye, inapounganishwa na simu, na simu ikapeleka njia iliyokimbiwa kwenye programu ambazo wakimbiaji huonyeshana mazoezi. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kwa mazoezi ya watumiaji wake wote. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliona kwamba katika nchi zenye vita, mahali ambapo ramani nzima ni giza, vilionekana vimistari vyenye kung'aa: askari wa kigeni wakizunguka kambi zao kila asubuhi. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni. Na bado mwaka 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliweza kuwafuata walinzi wa marais wa nchi kubwa kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo askari aliye kazini mpakani au katika operesheni aiache saa hiyo nyumbani, au afuate agizo la mkuu wake. Aliye kambini azime upelekaji wa njia, au aweke mazoezi yote kuwa siri ya mwenyewe, kabla ya mbio ya kwanza. Kufuta baadaye huwa kumechelewa. Wala shauri hili si la mwanamume mwenye bunduki peke yake. Mke wa askari anayekimbia alfajiri, akitoka mlango uleule saa ileile na kuupita ukuta uleule, akiitoa njia yake kwa watu asiowajua, ameonyesha mlango wa nyumba, wakati ambao hayumo, na mwelekeo aliokwenda.

Nyumbani kwa sajini huyo saa haivaliwi na mtu mmoja. Siku za zamu ndefu huvaliwa na binti yake, ambaye yumo katika timu ya shule. Uwanja wao ni wa udongo, haujapimwa na mtu yeyote, na mwalimu huwaambia ni meta 400. Binti aliuzunguka kwa miguu mara kumi, akiufuata ukingo, akagawanya jumla kwa kumi na kupata 372. Alirudia Jumamosi iliyofuata, akapata 374. Sasa kila mwisho wa mzunguko hubonyeza kitufe, na jioni huandika sekunde zake kwa kalamu ya risasi katika daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma.