Deni la Ndagala

Sisi tunaokaa Rohero tunaliona Ziwa Tanganyika kila siku, lakini wengi wetu hatulijui. Kutoka barabara za juu linaonekana kule chini liking'aa kama bati jipya, na nyuma yake milima ya Kongo. Jumapili watu hushuka ufukweni kunywa soda na kupiga picha, jioni wanarudi. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka mwalimu wetu wa Kiswahili alipotupa kazi: twende kwa miguu katika kijiji cha wavuvi, tuzunguke, tuulize, kisha tuandike kwa Kiswahili yale tuliyoyaona, siyo yale tuliyoyasoma.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Kijiji kilichochaguliwa ni kidogo, kiko upande wa Kabezi, kando ya barabara iendayo Rumonge. Usiku wa kuamkia safari nilimwambia mama mahali tunapokwenda. Alinyamaza kidogo, akaingia chumbani, akatoka na bahasha.

"Ndani mna laki moja na elfu themanini," akasema. "Ukifika, uliza nyumba ya mama wa ndagala, yule aliyetoka Uvira. Ana mwembe mbele ya mlango. Mpe mkononi mwake."

Nililifahamu deni hilo bila kuambiwa zaidi. Nilipokuwa mtoto mama aliuza ndagala wakavu katika soko kuu la Bujumbura, hapahapa Rohero. Alichukua mali kwa mkopo, akauza, akalipa, akachukua tena. Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko lile liliungua. Nakumbuka moshi mweusi juu ya mji na mama akikimbia barabarani bila viatu. Meza yake iliteketea pamoja na gunia zima ambalo alikuwa hajalilipia. Wenzake wengine walihamia masoko mengine wakaanza upya. Mama hakurudi tena kwenye biashara. Alipata kazi ya kusafisha ofisi, na baba akaendelea na kazi yake ya ulinzi kwenye nyumba ile ambayo mpaka leo tunaishi uani kwake. Habari za mama wa ndagala hazikutajwa tena nyumbani.

Tulisubiri basi zaidi ya saa mbili, kwa sababu siku hizo mafuta yalikuwa adimu. Tulipofika Mugere tulishuka kuliona jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walifika hapo kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakielekea kaskazini kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwamba unaingia. Mwalimu akatuuliza ni nani waliopiga kasia kutoka Ujiji mpaka hapa. Tukatafuta kwenye jiwe, hawakuandikwa. "Basi leo," akasema, "tunakwenda kuwasikiliza wapiga kasia."

Kijijini tulipokewa na mzee mmoja mvuvi ambaye alikubali kututembeza. Nilitangulia kumwamkia kama tulivyofundishwa: "Shikamoo, mzee." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Marahaba, mwanangu, lakini hapa kwetu sema *jambo*, ama *amahoro*. Shikamoo tunawaachia watu wa Kigoma."

Jambo la kwanza tulilolishangaa ni kwamba mitumbwi yote ilikuwa nchi kavu. Tulidhani mafuta ndiyo yaliyokosekana. Mzee akasema mafuta ni tatizo kweli, kwa maana injini nyingi zimelala, lakini siku ile sababu ilikuwa nyingine: mwezi ulikuwa mpevu. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga na kupanda juu, ndipo wavu unapovutwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linakuwa taa moja, na samaki hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo mvuvi anashona nyavu, anaziba nyufa za mtumbwi, na anakula kwa mkopo.

Alituonyesha mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti mirefu, ambayo wanaiita katamarani, na wavu mkubwa unaoshushwa katikati yake. Alituonyesha pia karabai ya zamani yenye kutu, ya mafuta ya taa, na pembeni yake taa za siku hizi zinazotumia betri. "Hii ya zamani ilikuwa inanguruma usiku kucha," akasema. "Nikiisikia hata leo, nasinzia vizuri."

Tukapita kwenye vichanja vya waya vya kuanikia. Zamani ndagala walianikwa mchangani, wakaliwa na kuku, wakanyeshewa, na walaji wakatafuna mchanga. Vichanja vilivyoinuliwa vilianza kufundishwa na shirika la FAO kule Mvugo, kusini mwa nchi, vikaenea. Siku ile vilikuwa vitupu. Mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya kimojawapo kama kitanda.

Nilisikia wavuvi wakiongea, nikaona aibu kidogo. Mimi nilikuwa nafikiri Kiswahili chao kina makosa: *batu*, *samaki ya jana*, *tuko natengeneza wavu*. Lakini kila nilipouliza jina la kitu, wao walikuwa nalo na mimi sina. Samaki ambaye sisi tunamwita mukeke, walijua kwamba Kigoma anaitwa mgebuka, na ndagala huko ni dagaa. Ziwa hili lina nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na dhoruba haiulizi pasipoti. Mtu akisukumwa na upepo mpaka ufuko wa ng'ambo, anahitaji lugha ya kuombea maji na moto. Kwao Kiswahili ni hicho.

Kisha mzee akatupeleka mwisho wa kijiji. Palikuwa na miti iliyokauka imesimama ndani ya maji, na ukuta wa matofali uliobaki nusu. Akanyosha mkono. "Pale palikuwa nyumba ya baba yangu. Jiko lilikuwa pale anapoogelea bata." Miaka hii ziwa limepanda. Sisi wa mjini tulisikia habari za Gatumba, ambako tangu mwaka 2020 mafuriko yamewahamisha watu wengi, na mwaka 2024 maji yaliingia mpaka sehemu za chini za Bujumbura. Hapa kijijini hakuna aliyekuja na kamera. Watu walibeba milango na mabati yao, wakajenga tena juu kidogo, karibu na barabara. Nikamuuliza mzee kama hamna hasira na ziwa. Akasema, "Linatudai na sisi tunalidai. Hatuwezi kuhama tukaliacha."

Neno hilo likanikumbusha bahasha. Niliwaacha wenzangu wakila mihogo, nikauliza nyumba yenye mwembe.

Mama huyo alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Alinitazama kwa muda. "Wewe uko mutoto ya nani?" Nikamtaja mama. Mikono yake ikasimama.

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili, nikaeleza maneno niliyoyapanga njiani. Hakunikatiza. Alizihesabu noti moja moja, mbele yangu, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilitegemea atasema amesamehe, au atalia. Hakufanya hivyo.

"Mwaka ule pesa hizi zilikuwa gunia moja," akasema. "Leo hazifiki hata robo ya gunia. Unajua hilo?"

"Najua, mama."

"Wavuvi walikuwa wananidai mimi. Niliuza mbuzi wawili na cherehani yangu nikawalipa. Tangu hapo sijashona." Akaendelea kuchambua maharage. "Lakini si hilo. Nilisikia kwenye redio kwamba soko limeungua. Jumanne nikapanda gari mpaka Rohero. Nilizunguka nje ya soko nikimuulizia mama yako kwa kila mtu. Nilidhani amekufa. Nililia njia nzima kurudi. Mwaka mzima ukapita, ndipo mtu akaniambia amemwona anatoka kanisani Regina Mundi, mzima kabisa."

Sikuwa na jibu. Nilitazama miguu yangu.

"Angekuja mikono mitupu ningempokea. Moto si wake. Mimi nilimpa mali bila karatasi kwa miaka sita, kwa sababu ya mdomo wake tu. Basi mdomo wenyewe ndio alioninyima."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mama yangu hakuwa amekimbia deni la pesa peke yake. Alikuwa na haya, na haya ile ikakua kila mwaka mpaka ikawa kubwa kuliko gunia. Kutoka Rohero mpaka pale ni safari ya chini ya saa moja basi likipatikana. Kwake ilikuwa safari ya miaka kumi na zaidi. Na hata sasa alinituma mimi.

Nilipoinuka kuaga, yule mama aliingia ndani akatoka na mfuko wa ndagala wakavu. Nikamshukuru kwa zawadi. Akatikisa kichwa.

"Si zawadi. Ni mali ya mkopo. Mwambie aje kulipa mwenyewe."

Tulirudi mjini jioni, wengine wamesimama ndani ya basi, mimi nikiwa nimekumbatia mfuko ule na harufu yake ikiwasumbua abiria. Mwezi ulikuwa umeshatoka juu ya milima, mkubwa kweli, na ziwa lote lilikuwa jeupe. Kama mzee alivyosema, hapakuwa na taa hata moja majini.

Nyumbani mama alikuwa bado hajalala. Nilimwambia kila neno, kwa Kiswahili kama lilivyosemwa, kwa sababu hiyo ndiyo lugha waliyokuwa wakiongea wao wawili, Mrundi aliyejifunza sokoni na mwanamke wa Uvira. Nilipofika kwenye cherehani alijifunika uso kwa kanga. Sikumwambia aache kulia.

Baadaye alichukua kikombe akapima ndagala zile, taratibu, kama alivyokuwa akifanya mezani pake nilipokuwa mdogo. Akafungua daftari langu la Kiswahili, ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe na idadi: vikombe saba.

Jumamosi ijayo tunakwenda sote wawili.