Kadi ya mtandao iliyosingizia RAM

Najua nimepotea, ni karibu miezi miwili sijaandika kitu hapa. Kazi zilinibana. Leo nina kisa, na kisa chenyewe kina aibu kidogo kwa upande wangu, kwa hiyo kisomeni kabla sijabadili nia nikakifuta.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi huko Nakuru. Hesabu zake zote, yaani mauzo, madeni ya wateja na siku walizofanya kazi vijana wa kupakia saruji, zimo kwenye kompyuta moja kuukuu niliyomwekea Linux miaka kadhaa iliyopita. Programu ya hesabu niliiandika mimi. Ikikwama, simu inayolia ni yangu.

Safari hii hakuna kilichokuwa kimekwama. Mimi ndiye niliyekwenda kuharibu. Mjomba alitaka kaunta, ofisi na stoo zote ziunganishwe na ile kompyuta kwa waya. Najua utaniuliza kwa nini sikununua swichi ndogo ya mtandao nikamaliza. Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nimeona kwenye kibanda kimoja huko Luthuli, Nairobi, kadi ya mtandao yenye matundu manne, iliyotolewa kwenye seva ya zamani, kwa shilingi 1,800. Nilitaka kuichezea. Basi.

Nilifika Nakuru Ijumaa jioni, duka limeshafungwa. Nikazima mashine, nikachomeka kadi, nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha ikaanza: piiip... piiip... piiip... Mlio mrefu, unakatika, unarudi, bila kukoma.

Kwa bodi ile, mlio wa namna hiyo maana yake ni moja: sioni RAM. Nami nikaiamini.

Sasa, binamu yangu ana miaka 17 na ndiye humsaidia babake dukani shule zikifungwa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amefungua kasha akapuliza vumbi, tena kwa sababu mimi mwenyewe nilimwagiza kwa simu. Nikamuuliza kama aligusa RAM. Akasema ndiyo, alichomoa kijiti kimoja, akakifuta, akakirudisha. Nikamgeukia pale pale mbele ya babake. Sitarudia niliyosema. Alijaribu kunieleza kwamba mashine ilishinda ikifanya kazi mchana kutwa baada ya yeye kuisafisha, nami sikumpa nafasi ya kumaliza. Akaenda kusimama mlangoni.

Mjomba hakugomba. Alisema tu, "Mpwa wangu, kesho ni Jumamosi. Vijana wanalipwa saa saba." Kila mmoja amefanya siku ngapi, nani alichukua pesa mapema, yote yalikuwa humo ndani. Nakala ya mwisho niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma. (Ndiyo, mimi, yule yule anayewahubiria hapa kila mara kuhusu nakala rudufu.)

Nikashughulika na RAM saa mbili nzima. Nilijaribu kijiti kimoja kimoja, nikabadilisha nafasi, nikasugua meno yake kwa kifutio, nikatoa betri ya bodi, ile ya duara ya CR2032, nikaiacha nje robo saa. Piiip. Hata ile kadi nilishaitoa mara moja, lakini wakati huo huo nilikuwa nimehamisha RAM kwenye nafasi nyingine na haikuingia mpaka mwisho. Kwa hiyo mlio ukaendelea, nami nikaitoa kadi kwenye orodha ya washukiwa. Nilibadilisha vitu viwili kwa mpigo. Mtu anayeandika programu kila siku!

Saa nne usiku binamu akaniletea chai. Akasema taratibu, "Kaka, humu ndani kigeni ni hiyo kadi tu. Turudishe RAM kama ilivyokuwa asubuhi, halafu tuitoe hiyo peke yake." Tukafanya hivyo. Pip moja fupi, skrini ikawaka, hesabu za mjomba zote zikiwa salama. Tukarudisha kadi: piiip. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Cha kwanza nilichokifanya ni kunakili hesabu kwenye flashi. Ningeweza kuishia hapo nikalala, ila nilitaka kujua kadi ya mtandao inahusiana vipi na RAM. Wazo langu la kwanza lilikuwa PXE, ule utaratibu wa kuwasha mashine kupitia mtandao, kwani kadi nyingi zina programu ndogo inayoendeshwa mwanzoni kabisa na inaweza kuikwamisha mashine. Nikaingia kwenye BIOS bila kadi, nikauzima. Haikusaidia. Mashine ilikuwa inakufa kabla ya kufika huko.

Nikasoma kwenye simu mpaka usiku wa manane, na jibu ni hili. Kwenye PCI Express, pamoja na njia za data na umeme, kuna nyaya mbili za basi dogo la polepole liitwalo SMBus. Ziko kwenye meno B5 na B6. Seva hulitumia basi hilo kusimamia vifaa vyake, kwa hiyo kadi za seva hulisikiliza. Kwenye bodi nyingi za kawaida, basi hilo hilo ndilo BIOS hupitia kusoma kijichipu kilicho kwenye kila kijiti cha RAM, kile kinachoeleza ukubwa na kasi yake. Kadi ikiingilia mazungumzo hayo, BIOS haipati jibu la RAM. Inaamini haipo, inalia.

Kwa hiyo mlio haukudanganya. RAM kweli haikuonekana. Aliyeziba njia ndiye alikuwa mwingine.

Dawa ni kuziba meno hayo mawili. Lalisha kadi, upande wenye chipu ukitazama juu na bati lenye matundu likiwa kushoto kwako, kisha hesabu kutoka kushoto: la tano na la sita. Kipande cha utepe chenye upana wa milimita mbili kinatosha. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa usingizi, kwa hiyo binamu ndiye aliyekata selotepu kwa wembe na kuibandika. Tukachomeka, tukabonyeza. Pip moja.

Halafu ikasimama tena! Safari hii katikati ya kuwaka, ikisubiri mtandao. Dakika mbili kamili, kisha ikaendelea. Hili nililijua: kadi mpya ilisogeza namba za PCI, na tundu la zamani lililoitwa enp2s0 likawa enp3s0, wakati mipangilio inatafuta jina la zamani. Nikaandika mipangilio ifuate anwani ya MAC badala ya jina. Dakika tano.

Vijana walilipwa saa saba. Binamu nilishamwomba radhi usiku ule ule, lakini nilimkaripia mbele ya babake, kwa hiyo asubuhi nikarudia mbele ya babake. Mjomba akauliza tu kama sasa stoo inaweza kuona bei.

Wiki iliyopita nilipeleka utepe mzuri usioharibiwa na joto, tukabadilisha ile selotepu. Nilikuta binamu ameandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha: USIFUNGUE BILA KUNIULIZA. Nikamuuliza.