Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Kibanja

Ndugu mkulima, mara nyingi tunazungumzia samadi, machipukizi na mnyauko wa migomba. Leo tuzungumzie kitu kingine kinachoua kibanja: mirathi isiyomalizwa.

Nikipita vibanja vya Kashai na kule Muleba, shamba lenye ugomvi wa mirathi nalitambua kabla sijaambiwa. Migomba imesongamana, matandazo hakuna, mibuni imezeeka. Nani ataweka samadi mahali ambapo kesho anaweza kufukuzwa? Lakini siku ya kuuza kahawa ya maganda, wote wanatokea.

Baba yetu alipofariki, mdogo wetu wa mwisho, binti, alikuwa darasa la tano. Kwenye kikao cha ukoo mzee mmoja alisema: "Huyu ataolewa. Ardhi ya ukoo haimhusu." Nilimjibu kwa heshima kwamba Mahakama Kuu ilikwisha kulisemea jambo hilo, tena kwa kesi ya hapa kwetu.

Bi. Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akashtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Ilifuata kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, kwamba mwanamke atumie ardhi ya ukoo lakini asiiuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba kanuni hiyo ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mauzo yakasimama.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake.

Mzee hakufurahi, lakini jina la binti liliandikwa. Baba mdogo akapendekezwa kuwa msimamizi, mahakama ikamteua. Msimu wa kwanza fedha yote ya kahawa akaiweka mfukoni, na mtoto akakosa sare na madaftari. Tukaomba mahakama imtake alete hesabu. Alikasirika, mwaka mzima hatukusalimiana. Ila hesabu alileta, na fedha ya shule ikatoka.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Msimamizi hajapewa mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kutoa hesabu.

Kwa hiyo, ndugu zangu:

1. Andika wosia ungali mzima, mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Unaweza kuuhifadhi RITA.
2. Muhtasari wa kikao cha ukoo utaje watoto wote kwa majina, wa kike na wa kiume, wakubwa na wadogo.
3. Chukua cheti cha kifo mapema, kisha fungueni mirathi mahakamani.
4. Mfanyabiashara, kabla ya kununua kibanja au kahawa ya marehemu, omba barua ya usimamizi na uulize watoto wako wapi.

Kibanja ambacho kila mtoto anajua sehemu yake hupata samadi. Kaeni mzungumze kabla ya msiba.