Kitu Cheusi Ndani ya Ubongo

Ndani ya kichwa cha kila mtu, katika shina la ubongo, mna mabaka mawili madogo, moja kushoto na moja kulia. Wataalamu huyaita sabstansia nigra, maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu cheusi. Weusi huo watokana na rangi iliyomo katika chembe hai zake. Mtoto mchanga karibu hana; huongezeka kidogo kidogo kadiri mtu akuavyo. Awe Mzungu, awe Mwafrika, hapo ndani sote tu weusi, jambo ambalo lilinichekesha sana nilipolisoma.

Nilianza kuzitafuta habari hizi kwa ajili ya babu yangu, ambaye ni fundi cherehani. Miaka mitatu iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka ukiwa umetulia pajani, kidole gumba kikisuguana na cha shahada, mithili ya mtu ahesabuye tasbihi. Ajabu ni kwamba aliposhika sindano, kutetemeka kulipungua. Baadaye mwendo ukawa mzito, uso ukakosa tabasamu, na hati yake katika daftari la vipimo vya wateja ikawa ndogo hata haisomeki. Majirani walisema amerogwa. Aliyetajwa ni shangazi yangu, kwa kuwa miezi miwili kabla ya hapo aligombana na babu juu ya shamba. Shangazi akaacha kuja kwetu, hata siku ya Idi.

Daktari alipompima alisema ni maradhi ya Parkinson. James Parkinson alikuwa tabibu wa London aliyeandika juu ya maradhi hayo mwaka 1817, naye alidhani kasoro iko katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Ilipofika 1919 ndipo Konstantin Tretiakoff, huko Paris, alipoonyesha kwamba katika bongo za wagonjwa waliokufa yale mabaka yamepauka. Chembe zile nyeusi zimekufa.

Kazi ya chembe hizo ni kupeleka dopamini kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo. Nazo hufa polepole, kwa miaka, na mkono hauanzi kutetemeka mpaka nusu yake hivi, au hata zaidi, zimekwisha kupotea. Basi maradhi ya babu yalikuwamo kichwani zamani, kabla ya neno lolote la shamba. Nilimweleza baba hesabu hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia niirudie mbele ya bibi.

Dopamini yenyewe haiwezi kutoka damuni ikaingia ubongoni, kwa hiyo mgonjwa hupewa levodopa, ambayo hupenya na kugeuka dopamini humo humo. Levodopa imo hata katika mbegu za upupu, mmea huu huu unaotuwasha porini. Lakini tafadhali msizitafune, kipimo ni kazi ya daktari. Wala dawa haifufui chembe zilizokufa.

Bibi bado anasema yake. Shangazi, hata hivyo, amerudi, na ndiye anayempa babu vidonge vyake, nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama na samaki huzuia dawa isiingie vizuri. Babu hushona mpaka nguvu ya kidonge ipungue, kisha huweka mkasi chini.