Togwa Tuliyoiacha Songea

Masika haya, usiku wa kuamkia Jumanne, mjukuu wangu wa miezi 14 aliendesha mara sita. Mkwe wangu hakuniamsha. Alfajiri alivuka dimbwi lililojaa mlangoni, khanga ikiwa mabegani, akaenda duka la dawa la mtaa wa pili, hapahapa Mbagala. Aliporudi alimwaga mfuko mezani: flajili ya maji, vidonge vya rangi mbili alivyoambiwa avifungue achanganye unga wake kwenye uji, na dawa ya kukausha choo. ORS, ile ya kurudisha maji mwilini, haikuwamo.

"Shikamoo mama. Nimepata zote," akasema.

Nilitaka kugomba, nikanyamaza. Nilimkumbuka aliyemfundisha. Ni mimi.

Sisi tulioingia Dar es Salaam miaka ya 1970 tulitoka Songea, Iringa, Lindi na Rufiji, tukapanga vyumba Keko, Tandika, Tandale na Mwananyamala. Mambo ya kijijini tuliyaonea aibu. Tukienda zahanati tukarudi bila kidonge, tulisema daktari yule hajui kazi. Tumbo likiuma, unameza viwili vya rangi mbili. Kikohozi, viwili. Kidonda, unakifungua kidonge unanyunyizia unga juu yake. Dozi hatukumaliza, vilivyobaki tulivifunga kwenye pindo la khanga, jirani akija kuomba tunamgawia, na tukajiona watu wema.

Tulifanya na makubwa zaidi. Miaka ya 1980 ulizuka uvumi wa meno ya plastiki. Mtoto akiharisha na kupata homa, watu walimfunua mdomo, wakiona ufizi umevimba basi hukumu imeshatoka: apelekwe kwa mganga yang'olewe. Mwanangu wa pili alipelekwa. Nilimshika mikono mimi mwenyewe, naye analia hadi sauti ikakauka. Leo ni baba wa huyu mjukuu, na akicheka jino lake la chonge limekaa upande. Kilichokuwa kinamuendesha wala hakikuwa kwenye ufizi.

Siku hizi nimepata nafasi ya kusoma na kuuliza, na ninavyoelewa ni hivi. Utumbo mpana ni kama soko la Tandika siku ya Jumamosi. Bakteria wamejaa, kila mmoja na meza yake, na wengi wao hawana ubaya na mtu. Kwa kuwa nafasi zimejaa, mwizi akiingia hapati pa kusimama. Sasa wewe umeleta mgambo. Antibayotiki, kama ile flajili na vile vidonge vya rangi mbili, ni mgambo asiyeuliza leseni. Anafagia mchuuzi na mwizi pamoja. Soko likibaki tupu, anayerudi wa kwanza si lazima awe yule uliyemzoea. Ndiyo maana wapo wanaoanza kuharisha kwa sababu ya dawa yenyewe, watu wazima kwa watoto. Mtoto mdogo ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana soko lake ndiyo kwanza linapangwa.

Wa kumpangia ni mama. Katika maziwa ya mama mna sukari za aina yake ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni mwake. Wenzangu wengi walikamua yale ya kwanza ya njano wakayamwaga chini, wakiambiwa ni machafu. Tena wakamwanzishia mtoto maji na uji hata miezi 6 haijafika.

Nikirudi kwenye vidonge, mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi 7, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto zaidi ya 8,000 wenye kuharisha kwa majimaji na hali zao zikiwa mbaya. Wote walipata matibabu ya kawaida, kisha baadhi wakaongezewa antibayotiki iitwayo azithromaisini na wengine dawa isiyo na kitu ndani. Antibayotiki ile haikuokoa maisha zaidi. Kuharisha kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na virusi hawamjui huyo mgambo. Chanjo ya rota, mojawapo ya virusi hao, tuliyoanza kuitoa nchini mwaka 2013, imefanya kazi ambayo flajili haikuweza.

Nacho tulichokidharau kilikuwa kwenye mtungi. Kule Songea mama yangu alipika uji mwepesi wa mahindi, akauacha upoe mpaka kidole kistahimili, akatia kimea cha ulezi, akafunika. Kesho yake ni togwa, chachu kwa mbali, na watoto tunagombea ukoko wa chini. Miaka ya 1990 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Dk. Wilbald Lorri akiwa miongoni mwao, walifuatilia watoto wa vijijini waliolishwa uji uliochachushwa namna hiyo. Waliharisha mara chache kuliko wenzao. Uchachu ule huwabana vijidudu wengi wa kuharisha. Mama hakusoma hata darasa moja.

Hata sisi wakubwa tunalipa kwa kudharau vyakula vya kijijini. Mwanangu analalamika gesi na kukosa choo, halafu jioni ni chipsi mayai na soda, ugali wenyewe ni sembe nyeupe kama karatasi. Na sembe tulimzoesha sisi. Tulipokula ule unga wa njano wa msaada, tuliouita wa Yanga kwa rangi ya timu hiyo (hata sisi wa Simba tuliula, tungefanyaje), tuliapa kwamba tukipata nafuu hatutagusa tena unga usio mweupe. Dona, unga usiokobolewa, ikawa chakula cha shule na jela. Kumbe zile pumba ndizo nyuzinyuzi, na bakteria wa utumbo mpana huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro wa wanaume 77. Wa vijijini waliokula vyakula vya kizungu kwa wiki 2, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani. Wa mjini waliorudishiwa vyakula vya asili, dalili zile zilipungua. Wengine walinyweshwa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, nao wakapata nafuu. Mbege sitetei, mimi ni wa togwa.

Ila togwa haitoshi mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, maji yale yanapita mbele ya mlango wa mtu anayepika. Hilo si la bibi na mtungi wake. Hilo ni la serikali ya mtaa na la manispaa, na sisi wapiga kura.

Bibi wenzangu, mkiitwa usiku, angalieni kwanza. Kama choo kina damu, homa ni kali, macho yamedidimia au mtoto hawezi kunywa, mkimbizeni hospitali, na dawa atakayoandika daktari mmalizie yote. Kama hakuna hayo, mpeni ORS kidogokidogo, zinki kwa siku 10 hadi 14, na titi asinyimwe.

Huyu mjukuu, mume wangu mdogo, alipona siku ya nne. Zinki tulimpa mpaka siku ya kumi. Vidonge vya rangi mbili viko juu ya kabati, havijafunguliwa, na jirani ameshaviulizia mara mbili. Nimemnyima.